Boti Zisipovuka: Makao ya Watoto Visiwani Siku za Machafuko

Makao ya watoto yanayosaidiwa na kanisa, yawe Unguja au Pemba, Zanzibar, mara chache huvunjiwa mlango wakati wa machafuko ya uchaguzi. Kinachoyabana ni kukatika kwa boti, umeme, mtandao na fedha mkononi. Intaneti ilipozimwa Tanzania nzima Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, haikurudi kwa siku kadhaa. Hali kama hiyo ikitokea, mchango wa waumini unaweza kuwa umeshaingia benki na mpishi akakosa hela ya kitunguu. Hata pale simu inapotuma pesa, wakala huishiwa noti mapema. Kwa hiyo wekeni taslimu za wiki mbili kwenye kisanduku chenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, na ziwe noti ndogo. Muuza samaki hana chenji ya elfu kumi siku hizo.

Chukulia nyumba ya watoto 30 na walezi 6, yaani vinywa 36, kwa siku 14. Mchele na unga, gramu 400 kwa mtu kwa siku, ni kama kilo 200: magunia 8 ya kilo 25. Choroko au maharage, gramu 60 kwa mtu, kilo 30. Mafuta ya kula lita 14, chumvi kilo 2 na nusu. Watoto wadogo hawamalizi kiasi hicho, lakini vijana wa miaka kumi na tano wanakula na cha wenzao. Dagaa wakavu nunueni hapa hapa visiwani, wala hawahitaji jokofu. Viazi mbatata na vitunguu vingi hutoka Bara, basi boti zikisimama ndivyo vya kwanza kupanda bei. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na la zamani ndilo lianze kufunguliwa. Gunia likiwekwa sakafuni hunyonya unyevu na mchele huvunda upande wa chini huku juu ukionekana mzima.

Kama makao yana shamba, muhogo ni ghala lisilo na kufuli: hukaa tu ardhini mpaka mtakapouhitaji. Ila ujulikane mtamu uko wapi na mchungu uko wapi. Mchungu umenywe maganda, ulowekwe siku kadhaa, uchemshwe na maji yamwagwe. Mpishi mgeni anayekurupuka kuupika kama mtamu anaweza kuwadhuru watoto.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Umeme wa Unguja unavuka bahari kwa waya kutoka Bara mpaka Fumba. Mwaka 2008 waya ulipoharibika kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 kikakaa tena kama miezi mitatu. Hakukuwa na ghasia yoyote, ni hitilafu tu, lakini pampu zilisimama vile vile. Kwa lita 15 kwa mtu, watu 36 wanatumia lita 540 kwa siku, basi tangi la lita 5,000 ni siku tisa tu. Wengi hukimbilia jenereta ndogo, kisha pampu inavuma na kukataa kuwaka, kwa sababu inapoanza hula umeme mara kadhaa zaidi ya inapozunguka. Pampu ya kilowati 1 itafutieni jenereta ya kVA 3 au zaidi. Ikae nje kabisa, si barazani chini ya dirisha la bweni, maana moshi wake unaua watu wakiwa usingizini. Maji ya kisima ya kunywa, kama hakuna mkaa wa kuyachemshia, yatiwe jiki ya kawaida isiyo na manukato, ile ya asilimia 5: matone 2 kwa lita, au 40 kwa ndoo ya lita 20. Yakorogwe, yasubiri nusu saa.

Sasa nguo. Angalieni kamba ya kuanikia. Fulana na kanga za kampeni huingia makaoni bure, kwenye mifuko ya misaada, na watoto huzipenda kwa sababu ni mpya. Kijani ya CCM au zambarau ya ACT-Wazalendo ikipepea upande wa barabara, nyumba imeshasemewa iko upande gani. Zikusanyeni zote, hata zile zilizogeuka matambara ya kudekia. Kanisa nalo liepuke kukutana na wagombea ndani ya uzio.

Jirani ni ulinzi bora kuliko mlinzi. Mtoto wa Kiislamu aendelee na chuo chake cha Kurani kwa ustadhi yule yule, nyama iwe ya halali, na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lenu (shehia), awe na orodha ya watoto kabla ya lolote kutokea.

Getini ndipo penye hatari ya kweli. Machafuko huwaleta ndugu: "Nimekuja kumchukua mtoto wa marehemu dada." Huenda ni kweli. Lakini mtoto hatoki bila Ustawi wa Jamii kujua, na kama ofisi imefungwa, mgeni ataandikwa jina, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari, simu na shehia yake, kisha atasubiri. Januari 2001 zaidi ya watu elfu mbili walikimbia kwa vyombo kutoka Pemba hadi Shimoni, Kenya. Katika mkimbio wa namna ile mtoto mdogo asiye na karatasi hupotea kirahisi. Nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha na namba ya ndugu vikae kwenye mfuko wa plastiki, mmoja kwa kila mtoto, na nakala nyingine parokiani.

Moshi wa mabomu ya machozi ukiingia, pandisheni watoto ghorofani au mahali palipoinuka, kwa kuwa hutua chini. Wavuliwe nguo, waoshwe macho kwa maji matupu dakika 10 hadi 15. Mafuta ya nazi yasubiri kwanza, yanaushikilia moshi ngozini.

Dawa za kifafa na za VVU ziombeni mapema kituo cha afya, za kutosha miezi miwili, zisikatike hata siku moja. Na mishahara ya walezi ilipwe kabla ya wiki ya kura, pamoja na kilo 10 za mchele kila mmoja apeleke kwake, kwani mlezi anayewaza watoto wake wamekula nini ataomba ruhusa siku ile ile mnayomhitaji alale makaoni.