Ule mwanga ni babu

Desemba 2008 nilienda nyumbani Bukoba likizo, na kwenye begi nilikua na DVD moja tu ambayo binamu yangu wa Uingereza alinitumia baada ya kumsumbua kama miezi mitatu. Muvi yenyewe inaitwa Mogambo, ya MGM, kampuni ya sinema ya Marekani, ilitoka 1953, ndani yupo Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly kabla hajaolewa na mtawala wa Monaco. Mi sio mpenzi wa muvi za zamani hata kidogo, niliitafuta kwa ajili ya babu maana toka tukiwa watoto alikua anatuambia aliwahi kufanya kazi ya sinema na wazungu kule mto Kagera, na sisi tunacheka, tunasema hiyo ni rubisi, pombe ya ndizi, inaongea.

Jioni umeme ukakatika kama kawaida yake, laptopu ina chaji nusu. Nikaiweka juu ya kigoda, babu kwenye kiti chake na kahawa ya kutafuna kiganjani, shangazi mlangoni anamenya ndizi huku anajifanya haangalii.

"Shikamoo babu, leo tunawaona wazungu wako."

"Marahaba. Washa."

Simba wa nembo ya MGM akaunguruma, babu akasema huyo sio wa kwetu, wa kwetu hawakua wanene hivyo. Akauliza Mogambo maana yake nini, nikamwambia hata kwenye Kiswahili hakuna neno hilo, akasema basi walisikia watu wanasema ebigambo, yaani maneno kwa Kihaya, wakaandika wanavyojua wao.

Sasa muvi za enzi zile majina yote yanawekwa mwanzoni, na ni machache, mastaa, dairekta, mpiga picha, mkata filamu na wakubwa wengine wa idara, basi. Aliyeshona nguo, aliyepika, aliyebeba nyaya, hamna. Halafu hapohapo MGM kulikua na bosi wa idara ya mandhari, Cedric Gibbons, mkataba wake wa 1924 ulisema jina lake liwekwe kwenye karibu kila muvi yao, likaishia kwenye kama 1,500 hivi, na nyingi kazi yenyewe walifanya vijana wa chini yake. Hilo nililijua, kwa hiyo sikutegemea kitu. Ila baada ya majina ya waigizaji yakaja maandishi nikasimamisha muvi haraka: Wasamburu wa Koloni la Kenya, Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji, Wahaya wa Tanganyika, M'Beti wa Afrika ya Ikweta ya Wafaransa. Nikamsomea.

"Wahaya?"

"Ndio babu, Wahaya wa Tanganyika."

"Wote?"

"Ndivyo walivyoandika."

Akatafuna kahawa yake taratibu. "Kwa hiyo hata jirani aliyekua anatucheka kwamba tunawafuata wazungu kama mbwa wa kuwinda, naye yumo." Shangazi kacheka mpaka kisu kikamdondoka.

Ndo akaanza kusimulia vizuri, safari hii mi nasikiliza. Kambi ilikua mji, mahema huwezi kuhesabu, kuna hospitali, kuna hema la kuonyeshea sinema usiku, na uwanja wa ndege uliofyekwa porini kwa siku chache, aliyefyeka nani kama sio yeye na wenzake. Baadae wakamchagua kazi ya ubao. Ubao mkubwa kama mlango, umebandikwa karatasi ya kung'aa kama ile ya ndani ya pakiti ya sigara, unalikamata jua unalitupa kwenye uso wa mwigizaji. Jua likisogea na wewe unasogea, na mkono usitikisike maana ukitikisika mwanga unacheza usoni kwa mtu na wanaanza upya, watu wote wanakugeukia. Akasema pia yule mzungu mkubwa wao alikua anatafuna leso mchana kutwa, kama mbuzi. Nilicheka, ila baadae nikaja kusoma kwamba dairekta John Ford kweli alikua na tabia hiyo ya kutafuna leso akiwa kazini, na kitu kama hicho mzee wa kijijini kwetu asingekitoa popote zaidi ya pale alipokua amesimama.

Muvi haina okestra, muziki karibu wote ni ngoma na nyimbo zilizorekodiwa hukuhuku. Kila ngoma ikilia babu anatega sikio, hao sio wetu, hao sio wetu, na hao.

Mara akaniambia rudisha. Ava Gardner amesimama nje, anaongea, shavu lake la kushoto linang'aa. Nikarudisha. Akainama mpaka pua inakaribia kioo.

"Ule mwanga. Ule ni mimi."

"Wapi babu?"

"Hapo shavuni. Angalia, umeona ulivyotikisika? Hapo mbung'o alinitua shingoni."

Na kweli ulitikisika, kidogo sana, usingeambiwa usingeona.

Sasa tatizo, nilishasoma kwamba sehemu nyingine za ile muvi zilipigwa ndani ya studio Borehamwood karibu na London, wanarusha picha za pori kwenye skrini nyuma ya waigizaji. Na mi nilivyoangalia, miti nyuma ya yule dada ilikua haichezi kabisa, hata jani moja. Kwa hiyo inawezekana lile shavu limewashwa na Mwingereza fulani na taa ya umeme, naye jina lake halimo, hata la kabila lake halimo. Nikanyamaza.

"Rudisha tena waitu."

Tukarudisha mara sita. Ya saba laptopu ikazima, babu kabaki anaangalia kioo cheusi, mikono yote miwili iko mbele yake kama ameshika kitu kipana, halafu akaniuliza hiyo betri pale senta wanachaji shilingi ngapi.