Malengo ya mwaka yalinishinda, kilichonisaidia ni sahani ya kwanza ya chipsi

Mi nauza chipsi Mbagala, kibanda kiko karibu na kituo cha daladala, mwaka wa saba sasa. Na kila tarehe 31 Desemba nilikua na ka-utaratibu kangu, nafunga mapema, nakaa na daftari jipya nyumbani naandika malengo. Kuna mwaka niliandika "kuweka akiba milioni 5" nikapigia mstari mara mbili, nikamuonesha mke wangu, akasoma akanirudishia daftari akasema "sawa baba Salma" kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshaona daftari kama hilo mwaka jana.

Sasa mnaijua Januari, ada, sare, kodi, viazi navyo vinapanda, ikifika tarehe 20 nishakopa gunia la viazi kwa jamaa wa Tandika na ile milioni 5 hata senti haijaanza. Sikuwahi hata kupiga hesabu, nilikuja kupiga baadae sana, milioni 5 kwa siku 365 ni kama elfu 13 na mia 700 kila siku ya Mungu, na kuna siku mi faida yangu haifiki hapo! Yaani nilikua nimejiwekea lengo ambalo lilishashindikana tangu usiku wa kwanza, sema lilikua limeandikwa vizuri.

Najua kuna mtu keshaanza kuniambia haba na haba hujaza kibaba. Hiyo tumefundishwa wote shule ya msingi. Tatizo hakuna aliyetuambia hiyo haba inatoka saa ngapi. Mi nilikua nasema nitaweka kitakachobaki jioni, na jioni hakibaki kitu, atakuja boda atakopa, mtoto atataka hela ya daftari, mkaa umeisha, basi.

Kilichobadilika ni kitu kidogo mpaka naona aibu kukielezea. Mwezi wa pili nikasema hela ya sahani ya kwanza ya siku sio yangu. Mteja wa kwanza wa chipsi kavu, buku mbili yake naiweka mfuko wa shati peke yake haichanganyiki na chenji, nikifika home inaingia kwenye kibubu kabla sijavua viatu. Basi. Sikuweka lengo la mwezi wala la mwaka, wala sikumtangazia mtu.

Kibubu cha kwanza kilikua cha kufuli, na hapo ndio nilijidanganya. Wiki tatu tu ukaja mchango wa harusi ya binamu, nikafungua "naazima tu", nikachukua 30,000 zote mpaka leo hazijarudi. Nikaenda Keko kwa mafundi, nikamkuta mzee mmoja namuamkia shikamoo namwambia nataka kibubu kizuri, akaniuliza nataka cha kufuli au cha kupigilia misumari. Nikamwambia cha kufuli mzee wangu. Akacheka akasema, "Cha kufuli hicho ni pochi mwanangu, si ufunguo unakaa nao wewe." Nikanunua cha misumari, elfu 5. Ukikitaka uvunje, na ukivunja nyumba nzima inasikia, hasa mke wangu.

Halafu kuna hili la kukosa siku, na hapa naomba mnisikilize maana ndio lilikua linaniua miaka yote. Zamani nikikosa siku mbili nasema kesho nitalipa tatu kwa pamoja, kesho ikifika sina, deni linakua elfu 8, elfu 10, nikiliangalia nachoka naacha kabisa. Safari hii nikajiwekea sheria moja, siku iliyopita imepita, hailipwi. Mfungo wa Ramadhani ulipoingia mchana nilikua sifungui na usiku biashara ilikua ya kusuasua, masika nayo ikanyesha kituo kizima kikawa tope, kuna wiki niliweka mara mbili tu. Sikulipia. Mvua ilipokata nikaendelea na buku mbili ileile kama vile hakuna kilichotokea. Jamaa yangu mmoja muuza mitumba ananiambia huo ni uzembe, yeye akikosa analipa faini. Sawa, ila yeye kibubu chake kiliishia mwezi wa tano.

Nilipozoea, kama mwezi wa saba hivi, nikaongeza kitu kingine, kabla ya kulala naandika namba mbili tu kwenye daftari, nilichonunua na nilichouza. Dakika moja haifiki. Ndani ya mwezi nikagundua maboda wa kijiweni walikua wanakula kwangu kwa mkopo karibu hela ya ndoo nzima ya mafuta, nikabandika karatasi, wakanuna, wakarudi.

Desemba 31 tukavunja. Salma ndo alishika nyundo, tukamwaga kwenye mkeka tukahesabu mara mbili: laki nne na elfu 28. Ina maana sahani 214. Tangu kile kibubu cha misumari kianze siku zangu za kazi zilikua kama 260, kwa hiyo zaidi ya siku 40 nilikosa, na bado ilikua hela nyingi kuliko niliyowahi kuiona pamoja bila kukopa. Sio milioni 5, hapana. 280,000 nikatengenezesha kabati jipya la vioo, lile la zamani mlango ulikua unafungwa na kamba, iliyobaki ikanunua viazi na mafuta, na Januari hii yule jamaa wa Tandika alinipigia mwenyewe kuuliza mbona siji kukopa gunia, au nimehama.

Daftari la malengo sikununua. Nilirudi Keko kwa yule mzee, kibubu kimepanda kimefika elfu 7, nikabishana nae kidogo kwa heshima tu nikalipa. Mke wangu ameniambia nimnunulie na yeye chake, ila hataki kuniambia anaweka shilingi ngapi.