Dakika hamsini hewani, nusu siku njiani

Wiki jana nilikua naenda Kisumu kuona shangazi, nikaamua safari hii sipandi basi, nitaruka kutoka Wilson, ule uwanja mdogo wa ndege hapa Nairobi. Basi jamaa yangu akaniuliza kwani ni mbali aje, nikachukua simu nikapima: mstari ulionyooka kutoka Wilson mpaka uwanja wa Kisumu ni kama kilomita 270 tu, lakini kwa barabara inapita 340 hivi, juu lazima ushuke Bonde la Ufa, upite Nakuru, upande tena Kericho, ndo uteremke ziwani.

Ndege inachukua kama dakika 50. Sasa hapo ndo watu hujidanganya! Mimi naishi Kasarani, nikatoka saa kumi na moja asubuhi giza bado, matatu mpaka tao, tao nikapanda ingine ya Lang'ata Road, jamu ikatushika pale Nyayo tukakaa tu tukiangaliana, halafu lazima ufike mapema mizigo ikaguliwe, ukae tena ungoje kuitwa. Yaani kabla sijapaa nilikua nimemaliza masaa matatu na nusu na bado niko Nairobi (na chai ya pale bei yake wacha tu).

Kutua ilikua rahisi, uwanja uko karibu na mji, nikachukua boda. Nikipiga hesabu yote ni kama masaa tano, basi ingenipeleka saba. Shangazi akaniuliza, "Sasa hiyo pesa yote ulikua unakimbilia nini, ugali haijaiva hata?"