Uzoefu wangu wa kusimamia ulezi wa wahadhiri wapya: hakuna kikao bila karatasi mezani

Mpango wa ulezi wa wahadhiri, yaani mzoefu kumwongoza mpya, hufa kimya kimya. Hakuna anayeuvunja. Mkuu wa idara anapanga majina wawili wawili, barua zinatoka, watu wanakutana mara mbili, mara ya tatu mmoja ana safari na mwenzake ana mitihani ya kusahihisha, basi. Nimesimamia mipango ya aina hii na michache nimeizika mwenyewe. Uliobaki hai unasimama juu ya sharti moja: walezi na wahadhiri hawakutani bila karatasi mezani, na karatasi hiyo iwe kazi halisi ya mhadhiri. Inaweza kuwa kanuni za kupanda cheo, ratiba ya wiki, rasimu ya makala au barua ya wahakiki wa jarida. Pasipo karatasi, mkubwa husimulia enzi zake, mdogo huitikia kwa adabu, na saa inakwisha.

Kabla ya karatasi kuna swali la nani akae upande wa pili wa meza. Kosa nililolirudia kuliko yote ni kumpa mhadhiri mlezi ambaye kesho atakaa kwenye kamati ya kumpandisha cheo. Nani atamwambia hakimu wake kwamba makala imekataliwa mara mbili, au kwamba darasa la mwaka wa pili limemshinda? Kwa hiyo mkuu wa idara hawi mlezi, mjumbe wa kamati ya ajira na vyeo hawi, na aliyemsimamia shahada ya uzamivu hawi. Huyu wa mwisho bado anamwona mwanafunzi wake.

Idara ndogo italalamika kwamba watu hawatoshi. Ni kweli, ndiyo maana kazi yote haipewi mtu mmoja. Kathy Kram, aliyeandika kuhusu ulezi kazini mwaka 1985, aliigawa kazi hiyo mafungu mawili: kumsogeza mtu katika cheo na nafasi, na kumshika mkono yeye mwenyewe kwa kumsikiliza, kumkubali na kumwonyesha mfano. Ni nadra mmoja kuyaweza yote. Mimi hugawa kwa watatu. Yuko mtu wa fani, anayesoma rasimu na kuona uchambuzi unavuja wapi. Yuko mtu wa taratibu, kutoka idara nyingine, anayejua fomu hukwama kwenye ofisi ipi. Na yuko mtu wa rika, aliyemtangulia mwenzake kwa miaka miwili mitatu tu. Huyu wa rika ndiye anayepigiwa simu zaidi ya wote, na hakuna anayemshukuru.

Makubaliano huandikwa ukurasa mmoja, siku ya kwanza. Muda ni miezi 12. Vikao ni kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwezi, dakika 60. Mhadhiri ndiye anayetuma karatasi, siku tatu kabla. Isipofika, kikao kinaahirishwa kwa wiki moja na si zaidi. Yanayosemwa hayatoki nje, isipokuwa yanayogusa usalama wa mtu au udanganyifu wa data. Mlezi haingizwi jina kwenye makala kwa sababu tu aliisoma. Na mwisho wa mwezi wa tatu mratibu wa mpango huwauliza mlezi na mhadhiri, kila mmoja peke yake: tuendelee au tubadilishe? Sharti hilo la mwisho ndilo lililookoa jozi nyingi, kwa kuwa mdogo hawezi kumwambia Profesa kwamba hawaivani. Mratibu akiuliza kwa desturi, hakuna anayeonekana mkosaji.

Karatasi ya kwanza ni kanuni za kupanda cheo za chuo chenyewe, si muhtasari wa mtu wala kumbukumbu ya mlezi ya miaka kumi iliyopita. Husomwa kifungu kwa kifungu huku mhadhiri akijaza jedwali la safu tatu: kigezo, ushahidi nilionao, pengo. Kwa kawaida safu ya makala hujaa haraka, ya ufundishaji ikabaki tupu. Mtu amefundisha kozi sita na hana hata tathmini moja ya wanafunzi aliyoihifadhi, wala mtaala wa kozi wenye tarehe, wala barua ya kuthibitisha kwamba alikuwa katibu wa kamati. Ushahidi wa namna hii haupatikani tena baada ya miaka minne. Aliyetia saini amestaafu na mfumo wa tathmini umebadilishwa. Dawa yake ni folda nne (ufundishaji, utafiti, usimamizi wa wanafunzi, huduma) na dakika kumi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi za kutupia humo kilichopatikana. Jina la faili lianze na mwaka na mwezi ili yajipange yenyewe.

Hapo hapo afungue namba ya ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure, ina tarakimu 16, na ilianza kutolewa mwaka 2012 kwa ajili ya tatizo ambalo watu wenye majina matatu wanalijua vizuri: makala moja imeandikwa jina la babu mwishoni, nyingine jina la baba, ya tatu jina la ndoa, na kompyuta inahesabu waandishi watatu. Mlezi ahakikishe pia anajua chuo kinapima vipi ubora wa makala. Azimio la San Francisco la mwaka huo huo wa 2012 lilizitaka taasisi ziache kutumia kipimo cha wastani wa manukuu ya jarida kama mzani wa kazi ya mtafiti mmoja mmoja. Lakini kama kanuni za chuo bado zinakitumia, mhadhiri apange makala zake kwa kanuni zilizopo. Kuzipigania zibadilike ni kazi ya walezi walio na cheo.

Karatasi ya pili ni ratiba. Kwa wiki mbili mhadhiri anaandika alichofanya kila nusu saa, bila kujitetea. Karibu kila mara jibu ni lile lile: maandalizi ya mihadhara yamemeza wiki na uandishi umesukumwa usiku. Robert Boice, aliyewafuatilia wahadhiri wapya nchini Marekani kwa miaka mingi, aliona kwamba walioanza vizuri hawakujaza kila muhadhara mpaka kumwagika, na waliandika kwa vipindi vifupi vya mara kwa mara badala ya kungoja likizo. Kwangu kipimo ni hiki: kozi mpya, saa tatu za maandalizi kwa saa moja ya darasa, mara ya pili kuifundisha, saa moja na nusu, baada ya hapo, saa moja. Uandishi ni dakika 40, siku nne kwa wiki, kabla ya kufungua barua pepe. Watu huzicheka dakika 40. Lakini hizo ni karibu saa 37 katika muhula wa wiki 14, na asiyezitenga hupata sifuri.

Ratiba hiyo pia inafichua kamati. Mkuu wa idara akikutana na mhadhiri kwenye korido na kusema "Dokta, tumekuweka kwenye kamati ya sherehe", jibu la hapo hapo karibu kila mara ni ndiyo. Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kusema: "Asante kwa kunikumbuka, Profesa. Naomba niangalie ratiba yangu, nitakujibu kesho kabla ya saa sita." Kesho yake anajibu baada ya kuzungumza na mlezi. Kamati moja inayomfundisha chuo kinavyofanya kazi, kwa mfano ya mitihani au ya masomo ya uzamili, inafaa. Tatu zinazoandaa chai na mabango hazifai. Wanawake, hasa wanapokuwa wachache idarani, huombwa zaidi, kwani kila kamati inataka mwanamke mmoja. Hapa ushauri hautoshi. Mlezi mwenye uzito aende mwenyewe kwa mkuu wa idara na orodha ya kamati za kila mtu. Kushauri ni kumwambia mtu afanye nini. Kudhamini ni kutaja jina lake kwenye chumba asichokuwemo. Wengi wetu tunafanya la kwanza tukadhani tumefanya la pili.

Makala ndiyo sehemu inayochukua vikao vingi. Kosa la kawaida ni kuchukua sura ya tasnifu ya maneno 15,000 na kuikatakata mpaka ibaki 8,000. Kinachobaki ni tasnifu iliyokonda: kurasa nyingi za mapitio ya maandishi na matokeo yaliyobanwa mwishoni. Anza upande wa pili. Chagua jedwali moja au mchoro mmoja wenye jambo jipya, andika sentensi moja inayosema unaonyesha nini, kisha ongeza yale tu ambayo msomaji anayahitaji ili aiamini sentensi hiyo. Jarida lichaguliwe kabla ya rasimu ya kwanza, na mhadhiri asome makala tatu za karibuni kutoka humo, ahesabu: utangulizi una aya ngapi, mbinu zimepewa nafasi kiasi gani, marejeleo ni mangapi.

Majarida ya ulaghai yanawanasa hasa wenye haraka ya cheo. Orodha ya maswali ya Think. Check. Submit., iliyoanza mwaka 2015, inatosha kuyatambua, nami huongeza dalili zangu: barua pepe inayokusifu kwa makala isiyo ya fani yako, ada inayotajwa baada ya kukubaliwa, na kukubaliwa ndani ya siku nne bila hoja hata moja ya mhakiki. Makala iliyoingia huko haitoki kirahisi, na kamati ikiigundua hutilia shaka na zile halali.

Majina ya waandishi na mpangilio wake yaandikwe kabla ya kazi kuanza. Mgawanyo wa CRediT, yaani orodha ya michango ya waandishi katika makala, una majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kuhariri. Kuyapitia na wenzako huchukua robo saa na huzuia ugomvi wa miaka.

Kisha inakuja barua ya wahakiki, na hii ndiyo karatasi ninayoipenda kuliko zote. Inasomwa mara moja, inafungwa, na hairudiwi kabla ya saa 48. Baada ya hapo kila hoja inanakiliwa neno kwa neno kwenye jedwali, ikiwa na namba yake, tulichofanya, ukurasa na mstari. Tuseme mhakiki ameandika kwamba sampuli ni ndogo. Jibu la mtu aliyeumia husomeka hivi: "Tunaona sampuli inatosha." Tukikaa nalo linakuwa hivi: "Tumeongeza aya ukurasa wa 9, mstari wa 12 hadi 20, tukieleza kwa nini mahojiano 24 yalitosha kwa swali hili: matatu ya mwisho hayakuleta mada mpya. Pia tumefuta sentensi mbili za hitimisho zilizodai zaidi ya data." Mhariri anaona kazi iliyofanyika, naye mhakiki haoni mtu wa kubishana naye. Kukataa hoja kunaruhusiwa, lakini kwa sababu na marejeleo. Ukikataa hoja saba kati ya kumi, shida huenda iko kwenye makala.

Kumtembelea mhadhiri darasani kunaogopwa bila sababu, kwa vile watu hudhani ni ukaguzi. Mnakaa dakika 15 kabla ya darasa na mhadhiri ndiye anayesema anataka kitazamwe nini. Darasani mlezi anaandika yaliyotokea na saa yake, bila sifa wala lawama: "Saa 4:12, ameuliza swali. Kimya, sekunde moja. Amejibu mwenyewe. Saa 4:19, hivyo hivyo." Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na wakingoja tatu au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na wengi zaidi hujitokeza. Mhadhiri akiyaona maandishi yale hahitaji kuambiwa. Mazungumzo yafanyike ndani ya siku mbili, na karatasi anabaki nayo yeye. Haiendi kwenye jalada lake la utumishi hata kama imejaa sifa, maana ikienda mara moja, wote watajua kwamba huenda.

Walezi nao huharibu. Wapo wanaotaka kutengeneza nakala zao, wapo wanaomgeuza mhadhiri msaidizi wa kuwashikia vipindi. Nikisikia "anifundishie wiki mbili tu", nauliza makubaliano yanasemaje. Wengine wana nia njema ila wamechoka, na wana haki ya kuchoka. Hesabu yake ni hii: vikao 15 au 16 vya saa moja kwa mwaka, pamoja na saa moja na nusu ya kusoma kabla ya kila kikao, ni karibu saa 40 kwa mhadhiri mmoja. Kwa hiyo hakuna anayepewa zaidi ya wawili, na saa hizo zinaingizwa kwenye fomu ya mzigo wa kazi kama zinavyoingizwa saa za kufundisha. Chuo kikikataa kuziingiza, ni bora uwe na walezi watano wa kweli kuliko ishirini wa kwenye barua.

Waliokwisha kupata uhadhiri mwandamizi husahauliwa kabisa, na ndiko wengi wanakokwama. Kwao jedwali ni lile lile, ila pengo mara nyingi ni ruzuku na wanafunzi wa uzamivu waliohitimu, na vikao vya kila miezi miwili vinatosha.

Mwezi wa 12 mezani linarudi jedwali la mwezi wa kwanza, na pembeni yake jipya. Yaliyobaki kwenye safu ya pengo yanaandikiwa tarehe na jina la mtu wa kumwendea, ambaye mara nyingi si mlezi yule yule. Mlezi anamkabidhi mhadhiri maandishi yote aliyoyaweka, anafuta nakala zake, na wote wawili wanatia saini kwamba zimefutwa.