Nilivyoyaokoa macho yangu msimu wa korosho

Korosho zikianza kukusanywa, usiku kwangu si wa kulala. Mchana niko mizani pale chama cha msingi cha ushirika, naandika kilo za wakulima kwenye daftari. Usiku, nyumbani Mikindani, naziingiza kwenye laptopu ziwahi kufika chama kikuu kabla ya mnada. Msimu uliopita nilikuwa na mtoto wa miezi mitano, tunalala chumba kimoja, na taa ikiwaka tu anaamka. Nikawa nazima taa, nabaki na mwanga wa kioo cha laptopu peke yake. Wiki ya pili macho yakawa yananichoma kama nimekata vitunguu, na kichwa kinagonga juu ya nyusi mpaka alfajiri.

Ushauri nilipewa mwingi, na mwingi ulikuwa mbovu. Muuza vifaa vya simu aliniuzia miwani ya kuzuia mionzi, elfu ishirini na kitu. Nikaivaa wiki nzima, hali ileile. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 17 ya miwani hiyo ya kuchuja mwanga wa bluu, yakaona huenda haipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta, angalau kwa muda mfupi. Pesa ilikuwa imeshakwenda. Shangazi naye akanisihi nijikamulie maziwa jichoni. Nilikataa palepale, kwa adabu zote.

Ila lililoniumiza ni la fundi wa kompyuta. Aliniambia nishushe mwangaza wa kioo mpaka mwisho, niweke na rangi nyeusi, herufi nyeupe. Usiku wa kwanza nikaona raha, nikamshukuru. Asubuhi najumlisha, hesabu inapishana na daftari kwa kilo 50. Nikapitia mstari kwa mstari, saa nzima, mtoto mgongoni, wakulima wamejaa mlangoni, mpaka nikaikuta: bibi mmoja mjane alileta kilo 386, mimi nimemwandikia 336. Usiku nilikuwa nimeihakiki tarakimu ile mara mbili, na mara zote mbili niliona tatu. Kilo 50 kwa bibi yule ni sare na madaftari ya mjukuu wake. Gizani mboni hupanuka, na herufi nyeupe juu ya weusi huvuja mwanga pembeni, hasa kwa mtu ambaye mbele ya jicho lake hapakukaa mviringo sawasawa, kama nilivyo mimi. Siku hiyohiyo nikarudisha kioo kwenye weupe na herufi nyeusi.

Daktari wa macho alinipima, akaniuliza swali moja tu la maana: nyuma ya kompyuta kuna nini? Nikamjibu, giza. Akasema ndipo tatizo lilipo: jicho linatazama kitu king'aavu kilichozungukwa na weusi, halipati pa kutulia.

Nikaenda kununua balbu ndogo ya wati 3, ya mwanga wa manjano, nikaifunga nyuma ya laptopu ielekee ukutani. Haikusaidia! Ukuta wetu haujapigwa lipu, ni tofali tupu za saruji, unameza mwanga wote. Nililala nimekata tamaa. Kesho yake nikachukua karatasi mbili za manila nyeupe, nikazibandika ukutani kwa uji wa unga, nikawasha tena. Jamani! Ukuta ukang'aa kwa upole nyuma ya kioo chote, balbu yenyewe haionekani, na mtoto upande wa pili kwenye kivuli amelala fofofo. Nilikaa dakika nzima naangalia tu, bila kuandika chochote.

Mwangaza wa kioo sasa naupima kwa karatasi. Naishika karatasi nyeupe kando ya kioo: kioo kikiwaka kama taa kuliko karatasi, napunguza, kikionekana kijivu, naongeza.

Ukavu wa macho ulibaki kidogo. Feni ilikuwa inanipuliza usoni, nikaishusha miguuni. Na mtu akikodolea kioo husahau kupepesa, kwa hiyo kila nikimaliza mkulima mmoja nafumba macho taratibu, nafumbua. Kuna ile kanuni ya kila dakika 20 kutazama mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Chumba changu hakina mita 6. Lakini ukurasa wa daftari hunichukua kama dakika 20, basi ukurasa ukiisha nafungua mlango, natazama ghubani. Usiku usio na mwezi taa za wavuvi wa dagaa zinakuwa zimejipanga huko mbali, nazihesabu mpaka ishirini, narudi kitini.

Karani mwenzangu wa Newala nilimtumia picha. Akanipigia kwamba kwake haifanyi kazi. Kumbe kabandika manila ya kijani kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani. Nimempakilia mbili nyeupe kwenye basi la asubuhi.