Analala?

Nyegezi, Mwanza, Jumapili usiku

Tangu matokeo yatoke, hosteli nzima ina maelezo juu ya mwenzangu wa chumba. Sapu, yaani mitihani ya marudio, zimemwandama, na akikwama tena anadisko: anaondolewa chuo. Wanasema simu ndiyo imemmaliza: mtoto wa Ukerewe kafika mjini, kaonja bando la intaneti, kalewa. Naumia nikiwasikia, maana chumba hiki tunalala wawili, na nimeona mambo yalivyofuatana.

Baba yake aliibiwa injini ya mtumbwi ziwani. Kwao wanaishi kwa dagaa, kwa hiyo pesa ya kutoka nyumbani ikakata, na boom, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, peke yake halitoshi ada, kodi na kula. Kwanza akaacha kuja kula na sisi. Kisha akaacha kanisa, kisha vipindi vya asubuhi. Simu ilimkuta tayari hataki kuonana na mtu. Na bando la bei ya mwanafunzi asiye na hela ni la usiku: linaanza saa sita, linakufa alfajiri. Basi anakesha nalo lisiishie bure. Asubuhi kichwa kizito, na anaona aibu kuingia darasani amechelewa. Heri abaki kitandani. Jioni aibu ile ile inatafuta pa kujificha, na simu iko mkononi.

Nimekuwa nikisoma sana kuhusu jambo hili, uraibu wa intaneti. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, alianza kulitafiti miaka ya 1990, akatunga maswali 20 ya kujipima: unakosa usingizi kwa sababu ya intaneti? Unamfokea anayekukatiza? Unajiambia kila mara "dakika chache tu"? Shirika la Afya Duniani limeweka uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, lakini uraibu wa intaneti kwa ujumla haumo humo kama ugonjwa unaojitegemea. Tafiti nyingi zinaukuta ukiandamana na sonona, wasiwasi na kukosa usingizi, na ni vigumu kujua kipi kilitangulia. Kwa mwenzangu mimi najua, nilikuwepo.

Kuna jingine lililonikasirisha. Ukurasa usio na mwisho, ule unaoteremka na kuteremka bila kufika chini, ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, na baadaye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta. Aliyeubuni anajuta, halafu sisi tunamsema binti mwenye huzuni kwa kushindwa kuufunga saa tisa usiku!

Mama yake alinipigia. "Mwanangu, mnyang'anye hiyo simu uifungie."

"Mama, notsi zote ziko kwenye grupu la WhatsApp. Ratiba ya mitihani iko humo, hata matokeo tunayatazama kwenye simu. Nikimnyang'anya, mimi ndiye nitakuwa nimemtoa chuo."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Analala?" Katika watu wote waliomzungumzia mwenzangu, wasomi na wasio wasomi, yeye peke yake ndiye aliyeuliza hilo.

Kazi kubwa ilikuwa kumshawishi mwenzangu aende hospitali. Kwetu ukitaja daktari wa akili, watu wanaisikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, wanaanza kucheka. Nilimwambia kwamba hapa hospitali ya Bugando kuna kitengo hicho, na wanaokwenda wanarudi kwao jioni kama waliokwenda kutibiwa tumbo. Alilia. Nikamwacha alie. Baadaye akasema ataenda, kwa sharti niingie naye hadi kwa daktari.

Kesho tunapanda daladala za kwanza. Simu anakwenda nayo. Usiku tumepatana ikae kwa dada wa chumba cha jirani, ichajiwe huko, na bando tutachangiana la mchana, hata likiwa dogo. Mambo ya ada nitakwenda naye kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii, kwa sababu injini ya baba yake bado haijapatikana.