Sakafu ya gereji imenitoa jasho

Jamani, wiki tatu nzima nimebishana na fundi kuhusu sakafu ya gereji yetu hapa Njiro. Mimi nilitaka marumaru zinazong'aa, kama za sebuleni. Fundi akacheka: "Dada, masika ukiingia na tairi zenye tope, gari litateleza mpaka jikoni." Na ukiweka jeki, marumaru inapasuka.

Basi nikahamia kwenye rangi ya epoksi, ile ya sakafu inayokauka ngumu na kung'aa. Kabla sijanunua hata kopo moja akanipa kazi: kata kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, kiache mpaka kesho. Asubuhi nabandua, nakuta matone kama chini ya mfuniko wa sufuria ya wali, na zege limekuwa jeusi. Unyevu unapanda kutoka ardhini. Ningepaka ile rangi ingevimba malengelenge, halafu tairi zenye joto zingeibandua vipande vipande. (Jirani ilimkuta hiyo, na pesa yenyewe ya kukopa.)

Tumeishia kwenye saruji ya kawaida. Ila sio niru, ile saruji inayosuguliwa mpaka iwe laini, maana niru ikilowa ni sabuni. Fundi kaisawazisha, ikiwa bado mbichi akaiburuzia ufagio ipate mikwaruzo, na mwinamo kidogo kuelekea mlangoni maji yatoke. Siku 7 nimeimwagia maji asubuhi na jioni ikomae bila kupasuka, maumivu ya mgongo ninayo mwenyewe.

Doa la kwanza la oili limeshapatikana jana. Pikipiki ya shemeji.